Kofia Iliyobaki Kichwani

San Pedro de Macorís
4 Novemba 1998

Kompadre Mashoto,

Salamu nyingi za huku nyumbani. Mimi mzima, isipokuwa magoti na mgongo, ambavyo kila asubuhi vinanikumbusha kwamba nilichuchumaa miaka kumi na tisa nikidaka mipira ya watu kwenye besiboli. Anayeandika ni Belkis, binti yako wa ubatizo, maana mwandiko wangu unaujua mwenyewe. Namtajia, naye anaandika. (Belkis anacheka. Belkis, andika.)

Kimbunga cha Septemba kilitupiga vibaya. Nyumba yangu ilipoteza mabati sita tu, lakini uwanja, Kompadre, ungeuona ungelia. Zizi letu halina paa tena. Unalikumbuka zizi? Swali gani hilo! Kona ya kushoto, ukuta wa mbao, benchi moja, ndoo moja ya maji, na nyinyi warushaji wa akiba mmekaa humo mnatafuna miwa, mnangoja mrushaji wa kwanza achoke ndipo muitwe kuokoa jahazi. Jana nilipita nikakuta mbuzi wawili wamelala mle ndani. Nikawaambia, karibuni, nyinyi angalau mnastahili jina la mahali hapa.

Sasa nifike kwenye shina la barua. Mzee Crispín, kocha wetu, anaumwa. Si kuumwa kwa kuambiwa pole ukaendelea na safari yako. Figo zimekataa kazi, miguu imevimba, na daktari amemwambia bintiye ampe chakula anachokipenda. Mimi naenda kila siku baada ya kahawa ya asubuhi. Nakaa pembeni ya kitanda, tunazungumza habari za timu yetu ya Nyundo, nani alikuwa mvivu, nani alikuwa mwizi wa soksi. Halafu anauliza swali lile lile: "Mashoto atakuja?"

Jumapili ya mwisho ya Januari wazee wa timu tuliobaki tutakusanyika nyumbani kwake. Tuko tisa. Njoo uwe wa kumi. Ndege ni safari ya saa nne tu, na huko kwenu Lawrence mwezi huo hakuna cha maana zaidi ya barafu.

Kompadre wako,
Nereo Paulino

Baba wa Ubatizo, ni mimi Belkis. Nilitaka kukupigia simu, Baba akasema sikio lako halina habari na simu. Njoo. Nitakupikia ndizi za kuponda na salami, na kitunguu juu, vile unavyopenda.


Lawrence, Massachusetts
22 Novemba 1998

Kompadre Nereo,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara mbili kwa furaha na mara moja kwa hasira. Belkis, mwanangu, ahsante kwa ndizi, na ni kweli sikio la kulia limekufa. Miaka kumi na saba ya mashine za kushona viatu. Mtu akinipigia simu nasikia kama anaongea akiwa ndani ya pipa.

Hao mbuzi wamenichekesha mpaka jirani akagonga ukuta. Mimi nikifumba macho hivi nasikia harufu ya zizi lile: miwa, jasho, na yale mafuta ya kafuri uliyonipaka bega mpaka macho yakatoka machozi. Nasikia na sauti yako. "Mashoto, acha kutazama wasichana, tazama glavu!" Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, Kompadre. Njaa nilikuwa nayo, lakini nilikuwa na furaha kuliko mtu yeyote aliyekuwa akipita barabarani.

Kuhusu Crispín, jibu ni hapana.

Usinitazame hivyo, najua unavyotazama. Mwaka 1971 uliniambia nisahau, ukaniambia tena mwaka 1979, na mimi nikakwambia kitu kile kile. Jumapili tarehe 31 Januari mwaka huo wa 1971, fainali, raundi ya tisa, ya mwisho, tunaongoza kwa pointi moja, wapinzani wana watu wawili njiani. Na kwenye viti vya mbele amekaa yule Mmarekani wa kofia ya nyasi, mtafuta vipaji, amekuja kuniangalia mimi. Si Tobías, mrushaji mwenzangu wa zizini. Mimi! Nimepasha mkono, niko tayari. Crispín ananyanyuka pale kwenye benchi lao, anainua mkono kuuliza. Na sisi wote zizini tunageukia ukuta, kwa ile sheria yake ya kipuuzi, eti mrushaji asione jibu la mdakaji, asije akamwomba kwa macho. Wewe peke yako, mdakaji wa zizini, unamtazama. Kofia ukiivua, mrushaji yuko tayari. Ukiiacha kichwani, hafai leo.

Wewe ukavua. Ukaniambia mwenyewe, "Nimevua, Mashoto, sijui kwa nini hataki." Na yeye akamwita Tobías.

Mpira wa tatu wa Tobías uligongwa ukaenda mpaka ukutani. Tulishindwa. Watu walimrushia Crispín maganda ya machungwa, na wiki iliyofuata wenye timu wakamfukuza kazi, na mimi nilifurahi, nakwambia ukweli, nilifurahi. Yule Mmarekani alikunja daftari lake akaondoka huku watu bado wanapiga kelele. Nikangoja miaka miwili mizima mpaka akaja mwingine.

Crispín alipokuja kwenye msiba wa mama yangu na mshumaa wake mkononi, akanipa mkono, nikauacha hewani. Sijutii. Mwambie Mashoto ana kazi.

Kompadre wako,
Eladio Frías


San Pedro de Macorís
13 Desemba 1998

Kompadre,

Kazi gani? Umestaafu tangu mwezi wa tano. Unashinda dirishani unahesabu magari.

Nimempa Mzee Crispín salamu zako. Nilisema umesema utaangalia. Mungu anisamehe, ningemwambia nini? Alitabasamu akasema, "Huyo anapasha mkono bado." Halafu akaniomba nimsimulie tena ile mechi yako ya kule juu, ligi kubwa ya Marekani, ulipowaangusha wapigaji watatu kwa mipira kumi. Nimeisimulia mara nyingi hata nimeanza kuongeza chumvi. Sasa ni mipira tisa, na wa mwisho alivunja gongo lake.

Nakuomba, Kompadre. Sikuombi kama mtu anayeomba sukari kwa jirani. Umesema hujutii, sawa. Lakini mtu huyu akiondoka, utabaki na mkono wake huo hewani mpaka na wewe uondoke. Hukuwahi kujiuliza kwa nini hakujitetea? Crispín, yule mbishi, aliyebishana na waamuzi mpaka akatolewa uwanjani mara nne kwa msimu? Kwako alinyamaza. Jiulize.

Nereo

Baba wa Ubatizo, Belkis tena, na hii naandika Baba akiwa amekwenda dukani. Kuna kitu hakiko sawa. Akitoka kwa Mzee Crispín anakaa kwenye kiti chake cha kubembea anatazama ukuta. Chakula anagusa tu. Juzi nilimkuta jikoni ameshika ile kofia yake ya zamani ya Nyundo, analia. Nilimuuliza, akasema ni kitunguu. Kitunguu chenyewe kilikuwa bado kwenye kikapu. Wewe ndiye unayemjua kuliko mimi. Ana nini?


Lawrence
2 Januari 1999

Kompadre Nereo, na wewe Belkis,

Heri ya mwaka mpya. Huku theluji imefika kwenye dirisha la chini. Nimechemsha mihogo, nimekaanga jibini, nimeweka santuri ya gitaa za nyumbani, nikacheza peke yangu na kiti. Kiti kinacheza vibaya kukushinda, na sikudhani inawezekana.

Barua yenu imenifanya nikae na kukumbuka, jambo ambalo ni baya kwa mzee anayeishi peke yake. Nimetoa lile sanduku la viatu lenye picha. Ipo ya mwaka 1974, niko Iowa, nimevaa makoti mawili mwezi wa nne. Watu wanadhani maisha ya mrushaji ni kurusha. Maisha ya mrushaji wa akiba ni kukaa, Kompadre, wewe unajua. Unakaa saa mbili na nusu, unapasha mkono, unaambiwa kaa. Unapasha tena, kaa. Mipira mia unarusha zizini ambayo hakuna kitabu kinachoiandika. Halafu siku moja wanakuita, nyumba imeshashika moto, na wewe una mipira mitano ya kuuzima. Ukiuzima, wanamshangilia aliyeanza mechi. Usipouzima, mwenye kosa ni wewe.

Na niliipenda kazi ile! Nilipenda kutembea kutoka zizini mpaka kile kichuguu cha katikati, watu wote wananyamaza kuangalia huyu mwembamba ni nani. Mechi arobaini na moja ligi kubwa. Nimezihesabu tena jana. Halafu kiwiko kikasema basi, na nikaja kushona viatu.

Nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia. Kila nilipoingia uwanjani huko ugenini, hakuna anayejua jina langu kulitamka, nilikuwa najiambia: kuna mtu mmoja alisema ndiyo. Siku ile ya fainali, kocha alisema hapana, timu nzima ikanyamaza, lakini Nereo alivua kofia. Nilipogeuka kutoka ukutani nilikuona unaiweka sawa kichwani, nikajua. Ndiyo sababu wiki mbili baadaye uliponiuliza kama nitamshika Belkis kwenye maji ya ubatizo, sikusubiri umalize sentensi. Nilisema moyoni, huyu ni ndugu, tutaitana kompadre mpaka kaburini.

Basi usinilazimishe kwa Crispín. Yeye alikuona ukivua, na bado akaninyima. Mtu wa namna hiyo hana cha kuniambia.

Eladio


San Pedro
17 Januari 1999

Mashoto,

Leo Belkis hayupo. Nimemtuma kwa shangazi yake makusudi. Naandika mwenyewe, kwa hiyo vumilia herufi na usicheke, au cheka sasa maana baadaye hutacheka.

Sikuvua kofia.

Nimeiandika. Nilikaa siku tatu na sentensi hiyo, na sasa iko hapo na siwezi kuirudisha. Sikuvua. Nyinyi mligeukia ukuta, Mzee Crispín akainua mkono kule kwenye benchi, na mimi nikasimama mikono chini na kofia kichwani. Alinitazama. Akainua mkono mara ya pili, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mdakaji yeyote, maana na yeye alijua yule Mmarekani amekuja kwa ajili ya nani. Nikabaki vile vile. Ndipo akamwita Tobías. Uliponiona naiweka sawa, nilikuwa naivuta chini nifiche macho.

Nikueleze sababu. Mipira yako siku ile haikuwa na sauti. Unajua nilivyokuwa nasikia. Siku yako nzuri glavu ililia paa! mpaka wauza karanga wanageuka. Siku ile ilikuwa inaingia kama mtu anatupia nguo kitandani. Halafu nilikuona unafungua na kufunga vidole nyuma ya mgongo. Nilikuuliza, "Mkono vipi?" Ukasema, "Mkono uko sawa, kama unanipenda vua kofia." Nikafikiri, akiingia hivi, kiwiko kinakatika mbele ya yule Mmarekani, na huyu atarudi kukata miwa na mkono mmoja. Nilifikiri hivyo. Nadhani nilifikiri hivyo. Nimejiuliza kama kulikuwa na wivu ndani yake, mimi mdakaji wa zizini ambaye hakuna aliyekuja kumtazama hata siku moja. Miaka ishirini na nane naligeuza swali hilo.

Lakini kofia si kosa langu kubwa. Kosa langu ni kwamba uligeuka, uso wako umevunjika, ukaniuliza, na mimi nikasema nimevua. Nilidhani nitakwambia jioni. Jioni ulikuwa unalia. Nikasema kesho. Halafu ukamshika Belkis kanisani na shati jeupe la kuazima, na ukaniita kompadre mbele ya padri, na mlango ukafungwa.

Mzee Crispín anajua tangu mwanzo. Nilikwenda kwake usiku ule ule wa kufukuzwa kwake nikasema, nitawaambia watu ukweli. Alikasirika na mimi kuliko alivyowahi kukasirika na mwamuzi. Akasema, "Jibu la kofia ni la mdakaji na kocha. Siku warushaji watakapojua ni nani aliyewakataa, hakuna mdakaji atakayethubutu kusema hapana, na vijana wataharibika mikono." Akasema yeye ataubeba mzigo huo. Ameubeba. Ulipoacha mkono wake hewani kwenye msiba wa mama yako, nilikuwa nimesimama nyuma yako na sahani ya biskuti.

Sasa unajua. Nichukie mimi, nastahili, na usiniite tena lile jina kama hutaki. Lakini njoo umwone mzee huyu. Hana deni na wewe. Hajali tena chakula, hajali dawa, anauliza wewe tu.

Nereo


San Pedro de Macorís
19 Februari 1999

Baba wa Ubatizo,

Mzee Crispín Báez amefariki Jumanne asubuhi, siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu. Tumemzika jana. Wazee wa Nyundo walibeba jeneza mpaka uwanjani kwanza, wakalizungusha mara moja, halafu makaburini. Baba alikuwa mbele upande wa kushoto. Nilitaka kumpokea kwa sababu ya mgongo, akanikatalia.

Hujaandika tangu mwaka mpya. Baba anakwenda posta kila siku, na posta yetu unaijua, wanafungua wakipenda. Kuna barua alikuandikia mwenyewe na amekataa kuniambia ina nini. Amekonda.

Nina swali. Binti wa Mzee Crispín alituambia msibani kwamba wiki moja kabla ya kifo alikuja mgeni, mwembamba, mrefu, ana koti zito kama mtu aliyetoka kwenye baridi. Hakusema jina. Alikaa na mzee mchana mzima mlango umefungwa. Na kabla ya kuondoka aliomba maji ya moto na wembe, akamnyoa mzee ndevu. Alisema mgeni alinyoa kwa mkono wa kushoto, polepole, wala hakumkata hata mara moja.

Baba aliposikia hivyo alikaa chini pale pale kwenye ngazi za kanisa.

Ni wewe? Na kama ni wewe, kwa nini hukuja nyumbani? Ndizi nilikuwa nazo.

Belkis


Lawrence
7 Machi 1999

Nereo,

Barua hii usimpe Belkis akusomee. Soma mwenyewe, hata kama itakuchukua wiki.

Ni mimi. Barua yako ilifika tarehe 1 Februari, sherehe yenu ya wazee imeshapita. Nilitembea kwenye theluji bila kofia mpaka polisi akasimamisha gari kuniuliza kama nimepotea. Nilimwambia ndiyo. Siku nane baadaye nikapanda ndege. Sikumwambia mtu kwa sababu sikujua nikifika nitafanya nini. Nilifikiri labda nitakuja kukupiga.

Mzee alikuwa ameisha, ni mifupa na macho. Alikaza macho kunitazama.

"Mashoto?"

"Ndiyo, Mzee."

"Umechelewa."

"Nilikuwa napasha mkono."

Alicheka mpaka akakohoa, nikamwinua mabega nikamnywesha maji. Tuliongea mambo mengi. Alikumbuka mpaka rangi ya ile baiskeli niliyokuwa nayo. Halafu mimi ndiye niliyeanza. Nikasema, "Mzee, siku ile ya fainali." Barua yako ilikuwa mfukoni mwa shati langu, hapa, upande wa moyo. Nilitaka kumwambia najua yote, anisamehe. Hakunipa nafasi. Alinishika kiganja akasema, "Siku ile ni mimi. Nereo alivua kofia, nilimwona vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyekataa. Usije ukamfikiria vibaya Nereo."

Nereo, mtu amebakiza siku chache, hawezi hata kukaa, na bado anadanganya kwa ajili yako. Kiganja changu hakukiachia. Niliona kwamba nikitoa ile barua nitakuwa nimemvunjia kitu alichokilinda miaka ishirini na nane. Nikaiacha mfukoni. Nikamwambia, "Najua ni wewe, Mzee. Na ulifanya sawa. Mkono wangu siku ile haukufaa."

Akafumba macho, akashusha pumzi, akaniambia ndevu zinamwasha. Nikamnyoa. Nilipomaliza nikampa mkono ule niliomnyima kwenye msiba wa mama. Nililia, sikuona aibu, na yeye pia.

Sasa zamu yako. Nina hasira na wewe, na naomba usiniharakishe kuimaliza. Si kwa kofia. Kwa kofia nitakwambia kitu ambacho na mimi nimekificha: vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekufa ganzi tangu Alhamisi. Nilijua. Nilikudanganya ulipouliza, kwa sababu ya yule Mmarekani. Ulisikia sawasawa, glavu haikukudanganya. Ningeingia vile, ile safari yangu yote, Iowa, zile mechi arobaini na moja, visingekuwapo. Nimekuwa nikilijua hilo tangu siku kiwiko kilipokatika kweli, nikasikia ganzi ile ile, sema kubwa zaidi. Nikaendelea kumlaani Crispín kwa sababu kulaani ni rahisi.

Hasira yangu ni hii: ulinywa kahawa yangu, ukacheza dhumna na mimi, ukanisikia nikimtukana yule mzee mwaka baada ya mwaka, na ukachanganya vipande vyako ukanyamaza. Hiyo inaniuma. Inaniuma sana, Nereo.

Na bado. Nilipotoka kwake nilipita mtaa wenu. Nilisimama ng'ambo ya barabara, pale kwenye duka la kona, nikanunua soda. Belkis alikuwa anaanika nguo, amekuwa mama kamili, mikono ni ya mama yake. Wewe ulikuwa kibarazani kwenye kiti chako cha kubembea, umegeukia ukuta, umeinama, unamenya mbaazi. Hukuwahi kuwa na haraka ya kitu chochote maishani mwako. Niliivua kofia yangu nikaiinua juu, vile vile ulivyotakiwa kuivua wewe. Nikaishika hewani mpaka soda ikaisha. Mwenye duka alinitazama kama mwendawazimu. Hukugeuka.

Sikuvuka barabara. Hasira ilikuwa bado mbichi. Lakini niliivua, na nilitaka ujue.

Nakuja Jumapili ya Pasaka. Mwambie binti yangu wa ubatizo aziweke zile ndizi tayari.

Kompadre wako,
Eladio


San Pedro
28 Machi 1999, Jumapili ya Matawi

Kompadre,

Naandika mwenyewe. Barua yako imenichukua siku nne, na ile sehemu ya vidole niliisoma siku nzima.

Belkis amepika maharage matamu ya Kwaresima, sufuria kubwa, na viazi vitamu ndani, anasema akikuona atakuchapa kwanza ndipo akupe. Wale mbuzi tumewatoa zizini. Wazee tumepiga mabati mapya wiki hii, mimi nilishika ngazi tu.

Kiti changu nimekigeuza. Kinatazama barabara sasa, kuanzia duka la kona mpaka mwisho wa mtaa. Pasaka bado wiki nzima, najua kuhesabu. Lakini niko hapa tangu asubuhi, na kofia iko magotini.

Nereo